Mkebe wa maziwa unaokufuata hadi kitandani

NI saa nane za usiku. Mtoto wako ana wiki tatu tangu azaliwe na amekuwa akilia tangu saa nne. Umemnyonyesha, ukambadilisha nepi, ukambeba begani na kuzunguka naye chumbani, kisha ukamnyonyesha tena. Baba yake anakoroma. Unachukua simu, si kwa sababu una jambo la maana la kutafuta, bali kwa sababu kila mtu amelala na mwangaza wa simu angalau ni mwenzio.

Katika picha unazozipitisha kwa kidole anatokea mama mmoja kijana, nywele zimesukwa vizuri, mtoto wake amelala fofofo kifuani. Anasema naye alipitia usiku kama huo wako. Alihangaika, akalia, akadhani yeye si mama wa kutosha, hadi rafiki yake alipomweleza kuhusu maziwa fulani ya mkebe. Tangu siku hiyo, mtoto analala usiku kucha. Hataji bei wala hasemi ununue. Chini ya picha, wanawake wengine wanauliza: "Dadangu, ni aina gani hiyo?"

Mpenzi msomaji, hicho ulichokitazama ni tangazo la biashara. Yamkini mama huyo amelipwa, au amepewa bidhaa bila malipo. Na yamkini picha yake imekufikia wewe wala si jirani yako kwa sababu miezi michache iliyopita ulitafuta majina ya watoto au bei ya nepi kwa simu hiyo hiyo.

Siku hizi kila mfanyabiashara anaambiwa kwamba asipoiweka biashara yake kwenye mitandao ya kijamii atafunga duka. Ushauri huo si mbaya. Muuza mitumba wa Gikomba, fundi wa viti na mwoka keki wa mtaani wamepata wateja ambao kamwe wasingewapata kwa kuketi mlangoni wakingoja. Mimi sina ugomvi na biashara. Lakini ukitaka kuelewa mitandao ina nguvu gani hasa, na kwa nini makampuni makubwa hayawezi kuiacha, itazame biashara ya maziwa ya unga ya watoto wachanga. Hapo ndipo utaona tangazo likigusa afya moja kwa moja.

Mteja wa miezi michache

Mtu anayenunua sabuni ataendelea kuinunua hadi uzeeni. Mama anayenunua maziwa ya mtoto mchanga ni mteja wa muda mfupi tu. Mtoto hukua, akaanza kula ugali na ndizi, na kampuni ikampoteza. Kwa hivyo kampuni hulazimika kutafuta wateja wapya kila siku, na wateja hao ni wanawake ambao jana hawakuwa na haja kabisa na bidhaa yake.

Muda wa kumnasa mteja huyo ni mfupi mno. Kunyonyesha kukishika vizuri katika wiki za kwanza, mama hana sababu ya kununua chochote. Mkebe ukiingia katika wiki hizo, maziwa ya mama hupungua, na baada ya hapo itambidi anunue mwingine, na mwingine tena.

Sasa fikiria bango kubwa kando ya barabara ya Thika. Wanaolitazama ni wengi, ila wenye mtoto wa wiki tatu ni wachache sana miongoni mwao. Kwa kampuni, hiyo ni fedha iliyotupwa. Simu, kwa upande mwingine, inajua. Inajua ulichotafuta, kikundi ulichojiunga nacho, programu uliyoipakua ili ikuhesabie wiki za ujauzito na tarehe uliyoiambia kwamba utajifungua. Tangazo hupelekwa kwa mtu anayehitajika, saa inayohitajika, likiwa limevaa sura ya ushauri wa dada.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichapisha ripoti kuhusu jambo hili mnamo Aprili 2022. Wataalamu wake walichunguza jumbe milioni nne kuhusu ulishaji wa watoto wachanga zilizowekwa mitandaoni kati ya Januari na Juni 2021. Jumbe hizo ziliwafikia watu bilioni 2.47. Kurasa za makampuni ya maziwa zilizochunguzwa zilikuwa zikiweka habari mpya takriban mara 90 kwa siku na kuwafikia watu milioni 229. Idadi hiyo ilikuwa mara tatu ya watu waliofikiwa na habari za kunyonyesha kutoka kwa kurasa zisizo za biashara.

Ripoti hiyo ilieleza pia mbinu zinazotumika: programu za simu, vilabu vya akina mama, mashindano yenye zawadi, huduma za kujibu maswali ya wazazi, na malipo kwa watu wenye wafuasi wengi. Kuna makampuni yanayonunua au kukusanya habari za kibinafsi za wanawake ili kuwatumia matangazo yanayowalenga wao tu. Biashara yenyewe ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 55 za Marekani kwa mwaka.

Wauguzi wa uongo

Waama, mbinu hii si mpya. Kilichobadilika ni chombo. Mnamo 1939, daktari Cicely Williams, yule yule aliyewahi kuueleza ulimwengu wa tiba kuhusu kwashiakoo baada ya kuiona Ghana, alisimama mbele ya wafanyabiashara mjini Singapore. Aliwaambia kwamba vifo vya watoto vinavyotokana na propaganda ya kuwapa maziwa yasiyowafaa ni sawa na mauaji. Alikuwa amewaona wanawake waliovalishwa kama wauguzi wakitumwa kuwashawishi akina mama waache kunyonyesha.

"Wauguzi" hao waliendelea kuonekana katika wodi za uzazi za Afrika na Asia kwa miaka mingi. Mwaka wa 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu kilichoyashutumu makampuni hayo, na mwaka wa 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé. Kelele hizo ndizo zilizozaa, mwaka wa 1981, Kanuni za Kimataifa za Uuzaji wa Bidhaa Zinazochukua Nafasi ya Maziwa ya Mama. Kanuni hizo zinakataza matangazo kwa umma, vifurushi vya bure kwa akina mama na zawadi kwa wahudumu wa afya.

Muuguzi wa uongo wa enzi hizo alivaa sare nyeupe kwa sababu mama aliiamini sare. Leo mama anamwamini zaidi mwanamke wa rika lake ambaye amekuwa akimfuata mtandaoni tangu harusi yake. Kampuni imefuata imani mahali ilikohamia.

Kenya ina sheria yake. Mnamo 2012 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama. Sheria hiyo inakataza kuzitangaza kwa umma, na miongoni mwa bidhaa zinazohusika ni chupa za kunyonyeshea na chuchu zake za bandia. Kuuza si kosa. Duka la dawa au supamaketi yaweza kuweka mikebe rafuni na mwenye kuhitaji akanunua. Kosa ni kuipigia debe.

Hapa nataka niseme na wewe mwenye duka dogo la dawa mtaani. Huenda hukuwahi kufikiria kwamba picha ya mkebe uliyoiweka WhatsApp, ikiwa na maneno "Ofa ya wikendi, mtoto ashibe", ni tangazo. Ni tangazo. Una dawa, mizani, dawa ya kuua viini na nepi. Hizo zitangaze upendavyo kwa kadiri sheria zake zinavyoruhusu. Maziwa ya watoto wachanga, chupa na chuchu bandia ziache rafuni.

Ugumu ni kwamba picha ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, na mwanamke anayesifu maziwa akiwa nchi nyingine hutazamwa Nairobi na Mombasa kama aliye jirani. Mkaguzi aliyezoea kupiga picha mabango atampata wapi? Ndiyo maana Mei 2025 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio linalozitaka nchi wanachama zidhibiti uuzaji wa bidhaa hizi kupitia mitandao.

Kinachouzwa ni wasiwasi

Tuje sasa kwenye afya yenyewe. Tangazo zuri la maziwa ya mkebe haliwezi kukuambia kwamba maziwa hayo ni bora kuliko ya mama, kwa kuwa hakuna atakayeliamini. Badala yake hukuuzia wasiwasi. Hukuambia mtoto anayelia ana tatizo tumboni, anayeamka usiku hajashiba, anayetaka titi kila saa maziwa yako ni mepesi.

Jarida la tiba la Lancet lilichapisha mfululizo wa makala kuhusu jambo hili Februari 2023. Waandishi walionyesha kwamba kulia, kusumbuka na kulala kwa muda mfupi usiku, ambayo ni mambo ya kawaida kwa mtoto mchanga, hugeuzwa na matangazo kuwa ugonjwa unaohitaji bidhaa.

Ukweli ni huu. Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Wengi hulia zaidi jioni. Kuna siku mtoto hutaka titi mfululizo kana kwamba hajawahi kula, na kwa kawaida siku hizo ndizo anazoliagiza titi liongeze.

Titi si tangi la maji linalokauka likitumiwa sana. Lifananishe na mama mboga anayewajua wateja wake. Akimaliza mafungu kumi ya sukuma wiki leo, kesho huleta kumi na mbili. Yakimbakia, kesho hupunguza. Kila mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni iitwayo prolaktini inayoamuru maziwa yatengenezwe, na titi lililomalizwa vizuri hutengeneza upesi kuliko lililoachwa limejaa.

Sasa mpe mtoto chupa moja ya mkebe usiku ili "apumzike". Hulala kweli, kwa kuwa maziwa hayo huchukua muda zaidi kusagika tumboni. Lakini titi halikunyonywa, na ujumbe lililoupata ni kwamba mteja hakuja. Ukirudia kwa wiki mbili, maziwa hupungua kweli, na utasikia mama akisema: "Niliwaambia maziwa yangu hayatoshi." Watu wote nyumbani wataamini alikuwa sahihi tangu mwanzo, mama mkwe akiwa wa kwanza.

Utajuaje basi kwamba mtoto anashiba? Si kwa kilio. Tazama nepi: baada ya siku ya tano tangu kuzaliwa, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara sita au zaidi kwa siku. Tazama mizani ya kliniki: wengi hupungua kidogo siku za mwanzo, wakarudia uzani wa kuzaliwa wanapotimiza wiki mbili, na baada ya hapo mstari katika kitabu cha kliniki huendelea kupanda. Mtoto anayekataa kabisa kunyonya, mwenye joto jingi mwilini, anayetapika kila kitu au asiyekojoa, huyo usimtafutie jibu kwenye simu. Mpeleke hospitalini usiku huo huo.

Nchini mwetu kuna la kujivunia na la kutia hofu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2008 na 2009 ulionyesha kwamba asilimia 32 tu ya watoto walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonyeshwa bila kupewa kitu kingine. Kufikia 2014 idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi asilimia 61. Hiyo ilikuwa kazi kubwa ya wauguzi na wahudumu wa afya mitaani. Uchunguzi wa 2022 ulipata asilimia 60. Tumesimama palepale, na kila siku kuna anayelipwa ili turudi nyuma.

Sitaki mama yeyote asome ukurasa huu na kujiona ameshtakiwa. Wapo watoto wanaohitaji maziwa ya unga: aliyefiwa na mama, aliyeachwa, au yule mwenye maradhi adimu ya kuzaliwa yanayomzuia kutumia maziwa ya mama. Mama anayeishi na virusi vya HIV na anayetumia dawa zake sawasawa hushauriwa anyonyeshe, na mtoto hupewa dawa za kinga. Wapo pia wanaorudi kazini mapema. Sheria ya ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo yenye malipo, na sheria ya afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, lakini mwambie hivyo mfanyakazi wa nyumbani au kibarua wa kiwandani uone atakavyokutazama. Kwa watoto wachanga wagonjwa au waliozaliwa kabla ya wakati, hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua mwaka wa 2019 benki ya kwanza nchini ya maziwa yanayotolewa na akina mama wengine.

Anayelazimika kutumia mkebe ana haki ya kuelezwa ukweli na mhudumu wa afya: kwamba unga huo hauuliwi viini vyote kiwandani, kwamba maji yapasa kuchemshwa na kutumiwa yakiwa bado na joto la nyuzi 70 au zaidi, kisha maziwa yapozwe kabla ya kumpa mtoto, na kwamba kuongeza maji ili mkebe ufike mwisho wa mwezi ni kumwekea mtoto njaa ndani ya chupa. Na hesabu aifanye mapema. Katika miezi sita ya kwanza mtoto asiyenyonya huhitaji takriban kilo 20 za unga, yaani mikebe 40 ya gramu 500. Ukipita dukani tazama bei ya mmoja, uizidishe mara 40.

Na simu yako? Huwezi kuizima maisha yote, ila waweza kuibana. Programu ya ujauzito ikikuuliza tarehe ya kujifungua, nambari ya simu na mahali unapoishi, jiulize inalipwa na nani. Angalia ni nani aliyeianzisha ile klabu ya akina mama inayotoa ushauri wa bure. Ukiletewa tangazo la maziwa ya watoto, lifiche na uiambie programu hutaki mengine kama hilo, kwa sababu ukilitazama hadi mwisho utaletewa kumi. Sheria ya kulinda data ya 2019 inakupa haki ya kukataa habari zako kutumiwa kukutafutia biashara, na ipo ofisi ya kamishna inayopokea malalamiko. Na wewe baba unayekoroma, mambo haya yanakuhusu: mwanamke mwenye mtu wa kumpokea mtoto saa nane za usiku hana haja ya kuzungumza na simu.

Ikiwa tayari umempa mtoto mkebe na sasa unatamani kurudi kwenye titi, mara nyingi inawezekana. Usiuache ghafla. Mweke mtoto titini kabla ya kila chupa na pia katikati ya chupa, mara nane hadi 12 kwa siku, ngozi yake ikigusana na yako, huku maziwa ya mkebe yakipunguzwa kidogo kidogo na uzani ukifuatiliwa kliniki. Huchukua siku kadhaa, kwa wengine wiki kadhaa. Mwambie muuguzi kwamba ungependa atazame jinsi mtoto anavyolishika titi, na usimlishe kabla ya kutoka nyumbani. Afike pale akiwa na njaa.